Kipapatio Hakipimwi kwa Kilo

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kuna hukumu moja kuhusu kuku ambayo hutolewa kwa wepesi na aghalabu haidaiwi ushahidi, nayo ni kwamba kipapatio, yaani bawa la kuku linapokuwa kitoweo, ni kipande duni. Hukumu hiyo huja kwa sura tatu. Ya kwanza hudai kwamba kipapatio hakina nyama, hivyo kinawafaa watoto au mtu aliyechelewa kufika mezani. Ya pili, iliyoshamiri zaidi katika miji kama Tarime, Sirari, Nyamongo na Mugumu, hukubali kwamba kipapatio kinaweza kufurahiwa, ila kwa sharti kwamba kiwe cha kuku wa kisasa, kikaangwe katika mafuta mengi na kuzamishwa katika mchuzi mzito, kwa kuwa utamu wote hudhaniwa kutoka katika mchuzi huo. Ya tatu hukataza kabisa, ikidai kwamba kuku wa kisasa hudungwa bawani sindano za kumkuza haraka, na kwamba anayekula kipapatio hula sumu. Makala haya yanashikilia kwamba sura zote tatu zimekosea, na kwamba mbili za kwanza, ambazo ndizo zinazoongoza jikoni, zimezaliwa na kosa moja: kipapatio kimepimwa kwa kiasi cha mnofu, ilhali thamani yake imo katika ngozi, gegedu na kano, vitu ambavyo hudai muda na moto wa kadiri kabla ya kutoa chochote.

Kipimo hicho kina asili yake. Wakurya wa Tarime, pamoja na Waikoma, Wanata na Wangoreme wa Serengeti, wamejenga uchumi, mahari na heshima ya boma kwa kiasi kikubwa juu ya ng'ombe, na mtu akialikwa kula nyama katika maeneo hayo hutarajia ng'ombe au mbuzi. Mnadani na kwenye mabanda ya nyama choma kipande hukatwa, huwekwa kwenye mizani na kulipiwa kwa kilo, na mnunuzi makini huangalia kwamba mfupa haukuzidi mnofu. Kuku hana nafasi katika utaratibu huo. Kwa muda mrefu amekuwa mali ya mama na watoto, akiba ya kununulia daftari, chumvi au dawa, na kitoweo cha mgeni aliyefika bila taarifa. Mizani ya ng'ombe ilipohamishiwa kwa kuku, kipande cha kwanza kushindwa kilikuwa kipapatio, kwa sababu mizani huona uzito na mfupa tu, na haiwezi kuona tofauti kati ya ngozi iliyokaushwa vizuri na ngozi iliyolegea, wala kati ya kano iliyoyeyuka na kano iliyobaki ngumu kama ilivyotoka machinjioni.

Ajabu ni kwamba walaji hao hao hawakitumii kipimo hicho kila mahali. Asubuhi hunywa supu ya makongoro, yaani miguu ya ng'ombe iliyochemshwa kwa saa nyingi mpaka mchuzi ukashika midomo, na hakuna anayelalamika kwamba kongoro halina mnofu. Katika nyama choma ya Kikurya kuna kichuri, yaani majimaji machungu yatokanayo na utumbo wa mnyama anayecheua, ambayo hukolezewa nyama na kuthaminiwa na wenyeji kuliko viungo vingi vya dukani. Utumbo wenyewe huoshwa, husukwa na kupikwa kwa uangalifu. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba utamaduni wa mapishi wa eneo hili unatambua mnofu peke yake. Unatambua vizuri kabisa kwamba baadhi ya vipande huliwa kwa ajili ya ladha, utelezi na kazi ya meno. Kinachokosekana ni kuufikisha ujuzi huo kwa kuku, ambaye ameachwa apikwe kwa haraka na kuhukumiwa kwa haraka.

Muundo wa kipapatio unaeleza kwa nini kinastahili kuwekwa katika kundi la makongoro na si katika kundi la steki. Bawa lina sehemu tatu. Sehemu ya bega ina mfupa mmoja mnene na ndiyo yenye mnofu mwingi zaidi. Sehemu ya kati ina mifupa miwili inayokwenda sambamba, na kati yake umebanwa mnofu mwembamba uliolainika kuliko wote. Ncha ni vidole vya ndege vilivyoungana, na juu ya vifupa vyake ina ngozi, gegedu na kano tu. Misuli mikubwa inayoliinua na kulishusha bawa haimo bawani bali imo kidarini, na ndiyo maana kidari hunenepa na bawa likabaki jembamba. Misuli iliyobaki bawani ni mingi lakini midogo, kila mmoja una kano yake, na yote imefungwa ndani ya ngozi ambayo, ikilinganishwa na mnofu ulioko chini yake, ni nyingi kuliko ya paja au kidari. Anayelalamika kwamba kipapatio hakina mnofu amesema kweli kuhusu maumbile, lakini hajasema lolote kuhusu ubora.

Ubora unategemea kolajeni, yaani protini ngumu inayojenga ngozi, kano na utando unaofunga misuli. Kolajeni ikipata joto pamoja na unyevu kwa muda wa kutosha hubadilika kuwa jelatini, kitu kile kile kinachoifanya supu ya makongoro igande ikipoa. Mabadiliko hayo huenda polepole sana karibu na nyuzi 70 za Selsiasi na huongeza kasi kadiri joto linavyokaribia nyuzi 90. Hapo ndipo kipapatio kinapoachana na kidari, kwa maana kidari kikivuka nyuzi 75 huanza kukauka na kuwa kama pamba, ilhali kipapatio katika joto hilo hakijaanza hata kulainika. Kuku huwa salama kuliwa anapofika nyuzi 74 ndani ya nyama, kwa sababu vijidudu kama salmonela hufa katika joto hilo, lakini usalama si utamu, na mpishi anayekiondoa kipapatio motoni mara tu kinapoiva humpa mlaji kipande salama chenye kano ngumu. Kipapatio kizuri huhitaji kufika nyuzi 85 au 90 na kukaa hapo, jambo ambalo lingekiangamiza kidari lakini ambalo kwa bawa ni mwanzo wa uzuri.

Kutokana na hilo inaonekana kwamba sifa mbaya ya kipapatio imetengenezwa jikoni. Katika mabanda mengi kuku wa kuchoma hupasuliwa mgongoni au kidarini, hutandazwa akiwa mzima na kulazwa juu ya wavu. Paja, ambalo ni nene, huamua muda wa kuchoma. Kidari hulindwa kwa sababu ndicho kinachoonwa na mteja. Bawa huachwa likining'inia pembeni, juu ya kaa lisilo na majivu, na huiva wakati paja bado lina damu. Mpishi akisubiri paja, bawa huungua mpaka ncha ikawa mkaa. Akiliwahi bawa, paja hubaki bichi. Mteja akipokea bawa lililoungua nje na kukauka ndani, huondoka na imani kwamba kipande chenyewe ndicho kibovu, kumbe alichopewa ni matokeo ya vipande tofauti kulazimishwa kuiva kwa wakati mmoja. Dawa yake haigharimu fedha: vipapatio vikatwe kutoka katika mwili kabla ya kuchoma, vipikwe kwa muda wake, na vipewe sehemu yao ya jiko ambako makaa yamefunikwa na majivu.

Sura ya pili ya hukumu, inayosema kwamba ni kuku wa kisasa tu anayefaa, ina chembe ya ukweli iliyotafsiriwa vibaya. Kuku wa kisasa, yaani yule wa nyama anayefugwa bandani kwa chakula maalumu, huchinjwa akiwa na wiki tano au sita. Katika umri huo kolajeni yake bado ni changa, nyuzi zake hazijafungamana sana, na huyeyuka kwa urahisi katika joto kavu la mkaa. Kuku wa kienyeji, ambaye amekula kumbikumbi, mtama uliomwagika na mabaki ya jikoni huku akikimbizana na mwewe, huchinjwa akiwa na miezi sita, mwaka au zaidi, na kadiri miezi inavyopita nyuzi za kolajeni hufungamana kwa vifungo ambavyo joto la muda mfupi haliwezi kuvivunja. Kipapatio cha kuku huyo kikiwekwa moja kwa moja juu ya wavu kitakuwa kama mpira, lakini si kwa sababu ni kibaya. Ni kwa sababu kimepikwa kwa kanuni ya ndege mwingine. Kikichemshwa kwanza kwa moto mdogo, pamoja na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, mpaka kiungo cha kati kikazunguka chenyewe kinapoguswa, kisha kikakaushwa na kumaliziwa juu ya makaa, hutoa ladha nzito ambayo kuku wa wiki sita hana, kwa kuwa misuli iliyofanya kazi hujenga ladha ambayo misuli iliyokaa haikupata nafasi ya kuijenga.

Kuhusu kuchemsha, mpishi wa Mara anapaswa kukumbuka jambo ambalo vitabu vya mapishi vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani havimwambii. Maji huchemka kwa nyuzi 100 katika usawa wa bahari, na kwa kila mita 300 za kupanda joto hilo hupungua kwa takribani nyuzi moja. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na wilaya za Tarime na Serengeti zote ziko juu ya ziwa, hivyo katika nyanda za juu za Tarime sufuria iliyo wazi huchemka kwa nyuzi 95 au karibu na hapo. Tofauti hiyo huonekana ndogo, lakini kwa kuku aliyekomaa huongeza muda wa jikoni, na mtu aliyesoma kwamba saa moja inatosha hapaswi kushangaa saa hiyo ikipita na kano bado zinashindana na meno. Kipimo cha kuaminika ni kiungo na si saa: mifupa miwili ya sehemu ya kati ikianza kutengana kwa kusukumwa na kidole, kazi ya maji imekwisha.

Hata hivyo, wale wanaoitetea hadhi ya kuku wa kienyeji nao huvuka mpaka wanapodai kwamba huyo ndiye bora kwa kila namna ya upishi na kwamba wa kisasa hana la maana. Kipapatio cha kuku wa kisasa kina mafuta mengi zaidi chini ya ngozi na kano laini zaidi, na kikikaushwa vizuri na kuchomwa taratibu kwa dakika 40 hivi hutoa ngozi kavu inayovunjika ambayo kuku mkongwe hawezi kuitoa. Kumchemsha ndege huyo kwanza, kama wafanyavyo wengi kwa mazoea ya kienyeji, ni kuyahamishia mafuta na ladha yake ndani ya maji na kubaki na ngozi iliyolegea. Kati ya wawili hao wapo machotara, kama Kuroiler na Sasso, ambao wameenea katika ufugaji wa vijijini nchini Tanzania. Hao, wakichinjwa wakiwa na miezi mitatu au minne, hutaka njia ya kati, yaani kuchemshwa kidogo na kuchomwa kwa muda mrefu zaidi. Hivyo swali la kuuliza si kama kuku ni wa kienyeji au wa kisasa, bali ana umri gani, na muuzaji mwaminifu anaweza kulijibu kwa kuangalia makucha, ukucha wa nyuma wa jogoo na ulaini wa ncha ya mfupa wa kidari.

Imani kwamba mchuzi ndio unaofanya kipapatio kiwe kitamu imetokana na mapishi ya Marekani yaliyosambaa duniani, nayo haiwiani na mapishi hayo yenyewe. Vipapatio vya Buffalo, mji ulioko katika jimbo la New York, kwa kawaida hunasibishwa na Teressa Bellissimo wa Anchor Bar mwaka 1964, na utaratibu wake ni kwamba vipapatio hukaangwa vikiwa vitupu, bila unga wala mchuzi, mpaka ngozi ikauke, na mchuzi wa pilipili na siagi huchanganywa navyo baada ya kutoka katika mafuta. Katika mji wa Nagoya, Japani, vipapatio viitwavyo tebasaki hupikwa kwa mantiki hiyo hiyo: ngozi kwanza, kiungo baadaye. Anayevilowesha vipapatio katika mchuzi mtamu na kuvitupa juu ya makaa hajaiga Buffalo wala Nagoya. Ameunguza sukari, akailegeza ngozi kwa maji ya mchuzi, kisha akaongeza mchuzi mwingine kuficha alichoharibu.

Ngozi hukauka na kupata rangi kwa mmenyuko wa Maillard, uliopewa jina la mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard aliyeueleza mwaka 1912, ambao ni kule kuungana kwa protini na sukari za asili katika joto kali na kuzaa rangi ya kahawia pamoja na harufu ya kuchomwa. Mmenyuko huo huenda kwa kasi uso wa nyama unapofika nyuzi 140 au zaidi, na uso hauwezi kufika huko wakati bado una maji, kwa kuwa maji yanapochemka hulizuia joto lisipande. Kwa hiyo chumvi ipakwe saa kadhaa kabla, kipapatio kiachwe mahali penye hewa au baridi bila kufunikwa, na unyevu ufutwe kabla ya moto. Ndimu, ambayo wengi huimimina mwanzoni kwa imani kwamba hulainisha, huuchelewesha mmenyuko huo kwa sababu ya tindikali yake na huigandisha protini ya juu. Mahali pake ni mezani. Kinyume chake, magadi ambayo tangu zamani hutumika kulainishia maharage na mboga ngumu yana tabia ya kuusaidia mmenyuko, na kiasi kidogo kabisa kikichanganywa na chumvi huifanya ngozi ya kuku wa kisasa iwe kavu na yenye rangi, mradi mpishi asizidishe, kwani magadi yakizidi huacha ladha ya sabuni.

Kukaanga si kosa, lakini kumefanywa kuwa jibu la kila swali. Katika karai la chips mafuta hutumika tena na tena, hugeuka rangi, huwa mazito na machungu, na kipapatio, ambacho ni ngozi tupu kwa sehemu kubwa, huchukua ladha hiyo kuliko kipande chochote. Mafuta yakiwa safi, kipapatio kikaangwe mara mbili: kwanza kwa moto wa wastani mpaka kano zilegee, kisha kwa moto mkali kwa dakika chache ili ngozi ikauke. Anayekaanga mara moja kwa moto mkali kwa ajili ya kuwahi foleni hupata rangi ya nje na ugumu wa ndani, na ndipo mchuzi huitwa kuokoa.

Kuna pia hesabu ambayo sura hiyo ya pili, ya mjini, huisahau. Kuku mmoja ana vipapatio viwili, kwa hiyo sahani ya vipapatio kumi na viwili ni kuku sita waliochinjwa, na sahani ya namna hiyo huwezekana tu mahali ambapo viwanda huwakata kuku kwa maelfu na kuuza kila kipande kwa soko lake. Tanzania ilipiga marufuku kuingizwa kwa kuku kutoka nje mwaka 2006 kwa kuhofia mafua ya ndege, na uzito wa katazo hilo ulionekana mwaka 2017, vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilipoteketezwa Namanga. Sirari, ambayo inatazamana na Isebania upande wa Kenya, nayo ilihusika na katazo hilo hilo. Huku kuku wengi huuzwa wakiwa hai na wazima, wakisafirishwa katika matenga juu ya baiskeli na pikipiki, na kipapatio humfikia mlaji kikiwa viwili kwa kila kuku. Kulichukua hilo kama upungufu ni kukubali kwamba chakula hakijakamilika mpaka kifanane na picha iliyotoka mbali. Vipapatio viwili vilivyopikwa kwa umri wake vinatosha kumshughulisha mtu, na uchache wake ni sababu ya kuvitunza.

Sura ya tatu ya hukumu, inayohusu sindano, inahitaji kujibiwa kwa ukweli badala ya dhihaka, kwa kuwa hofu ya chakula si jambo la kuchezea. Kuku wa nyama hukua haraka kwa sababu ya uteuzi wa vizazi uliofanywa kwa makumi ya miaka, pamoja na chakula chenye protini nyingi, kama vile soya, mashudu na dagaa wa ziwani. Homoni ya ukuaji ni protini, na ikiwekwa katika chakula humeng'enywa tumboni kama protini nyingine. Ili ifanye kazi ingelazimu kila ndege adungwe tena na tena, kazi ambayo hakuna mfugaji mwenye kuku 500 angeimudu kwa faida. Kinachofanyika bawani ni chanjo ya ndui ya kuku, ambapo sindano yenye ncha mbili huchovywa katika dawa na kutobolewa kwenye utando mwembamba wa bawa, nayo aghalabu huwahusu kuku wanaoishi muda mrefu, kama wa mayai, kuliko wale wanaochinjwa wakiwa na wiki sita. Chanjo ya mdondo, ugonjwa unaoweza kufagia kuku wa kijiji kizima, aghalabu hutolewa hapa nchini kwa tone la jicho, kila baada ya miezi mitatu. Hofu yenye msingi ni nyingine, yaani mabaki ya viuavijasumu pale mfugaji anapouza kuku kabla ya kumalizika kwa muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kopo la dawa, lakini mabaki hayo hayachagui bawa, na anayeyaogopa hatajiokoa kwa kukwepa kipapatio na kula paja.

Hofu ndogo zaidi, ambayo nayo huvirudisha vipapatio jikoni, ni wekundu unaoonekana karibu na mfupa. Mifupa ya kuku wa wiki sita haijakomaa, ina vitundu vidogo, na rangi ya uboho hupenya na kuipaka nyama iliyo jirani hata ikiwa imeiva kabisa. Kuku wa kienyeji aliyekomaa haonyeshi hali hiyo, na mlaji aliyemzoea huyo hudhani ameletewa nyama mbichi. Alama za kuaminika ni kiungo kinacholegea na majimaji yanayotoka yakiwa meupe. Wekundu wa mfupa peke yake hauthibitishi ubichi.

Limebaki suala la namna ya kula, ambalo nalo limeharibiwa na pande mbili. Katika hoteli zinazowahudumia watalii wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kipapatio huwekwa mbele ya mgeni pamoja na uma na kisu, vifaa visivyoweza kufika penye uzuri wake. Na katika mabanda ya mjini hufungwa katika foili au mfuko, ambapo mvuke huirudishia ngozi maji yote ambayo moto ulifanya kazi ya kuyaondoa. Kipapatio huliwa kwa mkono, kikiwa moto, bila kufunikwa. Sababu yake iko wazi: jelatini huyeyuka karibu na joto la mwili na huanza kuganda inapopoa, hivyo kipapatio kilichosubiri hotuba ya mwenyeji hubadilika kutoka utelezi kwenda unato, na ngozi iliyokuwa kavu hunywa mvuke wa nyama iliyoko chini yake.

Mpangilio wa kula hufuata kanuni hiyo ya joto. Ncha huanza, kwa kuwa ndiyo inayopoa kwanza. Hutafunwa ngozi na gegedu, na vifupa vyake hutemwa. Hufuata sehemu ya kati, ambayo hushikwa kwa ncha zote mbili, mfupa mwembamba huzungushwa na kuvutwa, kisha ule mnene hutolewa, na mnofu ukabaki mzima na ngozi yake. Sehemu ya bega, ambayo huhifadhi joto kwa muda mrefu kuliko zote, huwa ya mwisho. Anayevunja mfupa wa bega kutafuta uboho hujisumbua, kwa maana mfupa huo katika kuku ni wazi ndani na umeunganishwa na mifuko ya hewa ya mfumo wa upumuaji. Uboho utafutwe katika mifupa ya sehemu ya kati, na kwa kuku wa kienyeji, ambaye mfupa wake huvunjika kwa makali, afadhali uachwe. Kando yake panafaa ugali wa ulezi au wa mtama na muhogo, ambao ukali wake kidogo huyakata mafuta ya ngozi, pamoja na kachumbari, ndimu iliyokatwa wakati huo huo, na pilipili kichaa iliyopondwa kwa chumvi ili kila mlaji ajipimie.

Pingamizi la mwisho ni la gharama, kwamba muda na mkaa unaodaiwa ni mwingi mno kwa kipande kidogo. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama vipapatio vingehitaji jiko la peke yake. Kuku wa kienyeji huchemshwa hata hivyo, na maji yaliyochemshia ni supu ya familia. Kinachoongezeka ni dakika chache juu ya makaa yaliyobaki baada ya ugali kusongwa. Tena, nyumba nyingi za Afrika Mashariki tayari hutumia muda wa namna hiyo kwa firigisi, msuli mgumu usiofikia ukubwa wa kiganja, ambao huchanwa, huondolewa utando wake wa ndani, huoshwa, huchemshwa taratibu na kuwekewa baba au mgeni wa heshima. Hakuna anayeiweka firigisi kwenye mizani. Heshima yake imekuja pamoja na uangalifu inaopewa, na hilo linatosha kuonyesha kwamba daraja la kipande huamuliwa kwa kiasi kikubwa na mikono inayokiandaa.

Kwa hiyo mzigo wa ushahidi haupaswi kubebwa na anayekitetea kipapatio. Anayeendelea kudai kwamba ni kipande duni atakuwa na hoja siku atakapoonyesha kipapatio kilichotenganishwa na mwili, kikapikwa kwa kufuata umri wa ndege, kikakaushwa kabla ya moto, kikamaliziwa juu ya makaa yenye majivu, kikaliwa kwa mkono kikiwa moto, na bado kikamshinda mlaji mwenye meno mazima. Hukumu zinazotolewa sasa mabandani na majumbani hazikipimi kipapatio cha namna hiyo. Zinampima mpishi aliyekiunguza, mfanyabiashara aliyekizamisha katika mchuzi, na mizani iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe.